Sukari ikishuka, picha ya ubongo inaiga kiharusi

Fomu ya MRI, picha ya ubongo kwa sumaku, inaletwa ikiwa na neno moja, CVA, yaani kiharusi, na alama ya kuuliza pembeni. Mzee amelegea upande wa kulia, hasemi. Anatumia glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, na tangu daku hajatia kitu mdomoni. Kabla ya picha nataka namba mbili ambazo fomu haina: sukari ilikuwa ngapi, na ilipimwa saa ngapi.

Ubongo hauna akiba ya maana ya sukari. Unategemea inayoletwa na damu. Ikipungua sana, pampu za chumvi kwenye kuta za seli zinazimika, maji yanaingia na kukwama humo. DWI, aina mojawapo ya picha za MRI, hupima jinsi maji yanavyotembea, kwa hiyo palipokwama panang'aa, na kwenye ramani ya ADC, inayokokotolewa kutoka DWI hiyo, panakuwa peusi. Mshipa ulioziba nao hutoa picha hiyohiyo, na hapo ndipo watu huteleza.

Ninachotazama ni mpangilio. Kiharusi hufuata eneo la mshipa wake. Sukari iliyoshuka haina habari na mipaka hiyo: mara nyingi hupiga pande zote mbili, gamba la ubongo, hipokampasi (sehemu ya kumbukumbu), kodeti na putameni (viini vilivyo ndani ya ubongo), huku thalamasi, kiini jirani, ikisalimika. Thalamasi nayo iking'aa, nafikiria zaidi kukosa oksijeni, kama baada ya moyo kusimama. Ikiwa ni njia za neva peke yake, yaani kapsuli ya ndani au sehemu ya nyuma ya koposi kalosamu, daraja linalounganisha pande mbili za ubongo, mng'ao mara nyingi hufutika baada ya glukosi. Gamba likiguswa kwa mapana, hali huwa mbaya. CT, picha ya eksirei ya kichwa, saa hiyo yaweza kuonekana safi kabisa.

Matibabu lakini hayasubiri picha. Choma kidole kilichooshwa na kukauka. Majimaji ya embe kidoleni hupandisha namba ya uongo. Chini ya 3.9 mmol/L imeshuka, chini ya 3.0 ni hatari. Mtu mzima asiyejitambua apewe gramu 25 za glukosi kwenye mshipa: ml 50 za asilimia 50, au ml 250 za asilimia 10. Mimi napendelea ya 10, maana ya 50 ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Pima tena baada ya dakika 15, kisha mlangoni pa MRI: glibenklamidi hukaa mwilini, hasa figo zikiwa dhaifu, na sukari yaweza kushuka upya mgonjwa akiwa ndani ya mashine, ambako hakuna anayemwona akitokwa jasho. Sensa ya sukari iliyobandikwa mkononi ibanduliwe. Tunaanza na DWI, dakika kama mbili tu, kabla hajaanza kuhangaika.