"Nasikia, ila sielewi": kinachotokea ndani ya sikio

Hapa Dodoma, malalamiko ninayoyapata kliniki mara nyingi kuliko yote ni "nasikia, ila sielewi." Anayesema hivyo kwa kawaida ameshaambiwa nyumbani kwamba ni mkaidi, au anasikia anapotaka tu. Mimi namwamini tangu anapofungua mdomo, kwa sababu ndivyo sikio linavyoharibika. Ni nadra lizime lote kwa mpigo. Hupoteza kwanza zile sauti nyembamba zinazotenganisha neno na neno.

Tuanzie mlangoni. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Unaingia kwenye tundu la sikio lenye urefu wa sentimita 2.5 hivi, unaitikisa ngoma ya sikio, na nyuma ya ngoma unapokewa na vifupa vitatu vilivyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, milimita 3 na ushee tu. Vifupa hivi vina kazi nzito. Sikio la ndani limejaa majimaji, na sauti ya hewani ikigonga majimaji karibu yote hurudi ilikotoka. Lakini eneo la ngoma ya sikio ni kubwa mara 17 hivi kuliko kidirisha kinachosukumwa na kikuku, kwa hiyo nguvu iliyokusanywa mahali papana inakandamizwa mahali padogo, na majimaji yanatikisika.

Tatizo likiwa upande huu wa nje na wa kati, mara nyingi linatibika: nta iliyoganda, majimaji nyuma ya ngoma baada ya mafua, ngoma iliyotoboka kwa usaha wa muda mrefu. Hapa naomba jambo moja kwa moyo wote. Mtoto anayetoka usaha sikioni asimwagiwe mafuta ya kula wala maziwa ya mama. Aletwe kituo cha afya. Na njiti ya kiberiti, ufunguo, unyoya wa kuku, hata kile kijiti cha pamba cha dukani, visiingie sikioni. Nta husogea nje yenyewe. Kijiti huishindilia ndani.

Ninapotaka kukaa zaidi ni kwenye koklea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti. Ni mrija mwembamba uliojizungusha mara mbili na nusu ndani ya mfupa mgumu wa fuvu. Ukinyooshwa hufika milimita 35 hivi. Ndani yake umepita utando ambao mwanzoni ni mwembamba na umekaza, kisha unapanuka na kulegea kadiri unavyoelekea mwisho. Aliyeona ilimba ya Wagogo ikipigwa atanielewa mara moja: vyuma vifupi hutoa sauti nyembamba, virefu hutoa sauti nzito, kila kimoja na mahali pake. Utando wa koklea umepangwa hivyo hivyo. Sauti nyembamba huutikisa pale mlangoni, sauti nzito huutikisa ndani kabisa. Georg von Békésy aliyechunguza mtikisiko huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961.

Juu ya utando huo zimepangwa seli zenye vinyweleo: za safu ya ndani kama 3,500 na za safu za nje kama 12,000 kwa kila sikio. Vinyweleo vikiinama, vijitundu hufunguka, chembe za potasiamu huingia, na seli inaupa mshipa wa fahamu taarifa ya kupeleka ubongoni. Seli za ndani ndizo zinazotoa taarifa. Za nje hurefuka na kufupika kwa kasi ya ajabu, zikikuza sauti ndogo ili zile za ndani zizipate. Zote tunazaliwa nazo, na ikifa moja haioti nyingine. Kuku hukuza seli mpya za sikio zile za zamani zikifa. Binadamu hana uwezo huo.

Mwaka jana binti mmoja alimleta baba yake kutoka Kibaigwa. Mzee ameendesha mashine ya kusaga tangu ujana wake, kwenye chumba cha mabati. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu." Tukiwa wawili chumbani kulipo kimya tulielewana vizuri. Nilipomvalisha hedifoni na kuanza kupima, sauti nzito alizipata karibu zote. Nilipopanda hadi mawimbi 4,000 kwa sekunde, mstari wa kipimo chake ukaporomoka. Nikaziba mdomo kwa karatasi, nikamtamkia maneno: saa, taa, kaa, faa, paa. Alirudia "paa" mara tatu mfululizo.

Hapo ndipo penye siri yote. Irabu zina nguvu na ni nzito, kwa hiyo "aa" anaisikia sawasawa. S, f, t na k ni hafifu na nyembamba, na ndizo zinazobeba tofauti. Ukimwambia "niletee taa" anaweza kukuletea saa, naye ana uhakika amekusikia. Ukiongeza sauti, unaongeza irabu tu. Tena seli za nje zikishakufa, sauti ndogo haipatikani na ile kubwa kidogo inakuwa kali ghafla, ndiyo maana mzee anasema "ongea nikusikie", kisha papo hapo "usinifokee." Binti yule alilia kidogo aliponielewa. Ongea naye ukimtazama, taratibu, redio ikiwa imezimwa. Inasaidia kuliko kupaza sauti.

Kelele huua seli kwa nguvu na kwa muda vikichanganyika. Kikomo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unakatika nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, na zikifika 100 ni dakika 15. Huna kifaa cha kupimia? Kama inabidi upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, hapo si salama. Nawafikiria mafundi wa grenda kule Kizota na vijana wanaokata vigae kwenye majengo ya Mtumba. Pamba haitoshi, vizibo vya masikio vya povu vinatosha vikivaliwa vizuri. Na masikio yakivuma baada ya kukaa karibu na spika za harusi, usijipe moyo kwa kuwa kesho yake yametulia. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston walionyesha kwa panya kwamba kipimo kinaweza kurudi kawaida huku viungio kati ya seli na mshipa vimeshapotea.

Ziko sababu nyingine: umri, homa ya uti wa mgongo, manjano makali ya mtoto mchanga, rubella ya mama mjamzito (chanjo ya surua na rubella tunayo tangu 2014), na sindano za jentamaisini zikitumika bila uangalizi. Kwinini nayo huvumisha masikio, ingawa kwa kawaida hupita.

Shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, haifufui seli. Inakuza zile sauti nyembamba kulingana na kipimo cha mtu mwenyewe, ndiyo maana shimesikio ya kuazima kwa jirani haifai. Ubongo unahitaji wiki kadhaa kuizoea, hivyo usiiweke kabatini siku ya tatu. Mtoto ambaye haimsaidii anaweza kupandikizwa kifaa cha koklea, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2017, na kwa aliyezaliwa hasikii, kadiri anavyowahi ndivyo lugha inavyoshika.

Moja lisilosubiri: ukiamka sikio moja limezima ghafla, bila mafua wala maumivu, usingoje lifunguke lenyewe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na uombe kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Dawa za steroidi hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya siku chache. Baada ya wiki kadhaa huwa zimebaki na nafasi ndogo sana.