Fangasi wa Ngozi: Usipake Krimu Kabla ya Kukwanguliwa

Fangasi wa ngozi ni nini?
Ni vimelea wanaokula keratini, protini iliyomo kwenye ngozi ya juu, nywele na kucha. Mapunye ya watoto, choa cha mwilini na fangasi wa vidole vya miguu ni wa ukoo mmoja. Wengi wao ni Trichophyton au Microsporum.

Nipimwe damu ijulikane ni aina gani?
Hapana. Fangasi hawa hukaa kwenye tabaka la ngozi lililokwisha kufa, na antijeni zao, yaani alama ambazo kinga ya mwili huzitambua, zinafanana mno, hivyo kingamwili ya mmoja, ile protini ya kinga inayotafutwa kwenye damu, humnasa na jamaa yake. Kingamwili husaidia zaidi zikitumika maabara, kutafuta antijeni ndani ya unga wa ukucha. Japani wanavyo vijiti vya namna hiyo. Hata hivyo vijiti hivyo hukuambia tu kwamba fangasi yupo, havikutajii jina.

Jina linajulikanaje basi?
Tunakwangua magamba ukingoni mwa doa, tunayalainisha kwa potasiamu haidroksaidi na kuyatazama kwa hadubini. Mengine tunayaotesha maabara, na majibu huchukua hadi wiki 4. Jina lina kazi: Microsporum canis mara nyingi hutoka kwa paka au mbwa, kwa hiyo na mnyama atibiwe. Dawa nazo hutofautiana: griseofulvin humfaa zaidi Microsporum, terbinafine humfaa zaidi Trichophyton.

Nimeshaanza kupaka krimu ya duka la dawa. Kuna ubaya?
Upo, tena mkubwa. Krimu nyingi za "mchanganyiko" zina steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho zisizoua fangasi, kama betamethasone au clobetasol. Wekundu unapoa, fangasi anaendelea kutambaa.

Lakini muwasho umeisha!
Muwasho umeisha, fangasi hajaisha. Ukiacha kupaka, doa linarudi likiwa limetanuka, limepoteza umbo lake la duara, na hata daktari mzoefu anaweza kulidhania pumu ya ngozi. Dawa ya fangasi nayo, ikipakwa nusu nusu, huharibu sampuli. Tafadhali, ndugu zangu: kukwanguliwa kwanza, kupaka baadaye.

Na krimu ya jirani iliyomponya mwanawe?
Hapana. Wala kidogo tu ya kujaribu.

Mtoto ana mapunye yaliyovimba na kutoa usaha. Tusubiri majibu?
Msisubiri. Mleteni leo hii. Dawa ya kumeza huanza kabla ya majibu kutoka, maana ya kupaka pekee haiponyi mapunye, na uvimbe huo ukicheleweshwa huacha kovu pasipoota nywele tena. Mje na tyubu ya krimu mliyokuwa mkimpaka, hata kama imekwisha.