Takataka kwenye njia za msituni: tunayoamini na yalivyo kweli

Karibu kila Jumamosi natembea msitu wa Karura, Nairobi, na kiroba kitupu cha unga mkononi cha kuokotea taka. Maneno ninayoyasikia njiani ni yale yale, na mengine yanaaminiwa na watu wanaoupenda msitu huu kwa dhati.

"Ganda la chungwa si taka, litaoza." Litaoza, lakini si wiki hii. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na kivuli cha msitu kina baridi. Ganda hukauka, hukakamaa kama ngozi, na hukaa miezi. Kabla ya hapo kima wameshalifikia. Kima aliyezoea mabaki yetu hangoji tena kutupiwa. Hunyakua mfuko mikononi mwa mtoto, kisha sisi tunalalamika kwamba kima wa siku hizi ni wakorofi. Mbegu nazo zina mambo yake: tukizitupa, huota pasipo kwao. Mpera asili yake ni Amerika, na leo umesambaa hadi ndani ya msitu wa Kakamega.

"Nimelipa tiketi, kuna watu wa kufagia." Wapo, na wanajituma. Ila mvua ikinyesha haiwasubiri. Kifuniko cha chupa kilichoangukia njiani husombwa hadi kwenye kijito, na maji ya Karura hatimaye huingia mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga Bahari Hindi kaskazini ya Malindi. Ukikiokota njiani, umeinama mara moja tu. Kikishafika baharini, nani atakitafuta?

"Plastiki si zilishapigwa marufuku?" Mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 hairuhusiwi kuingia na plastiki za kutumia mara moja katika mbuga, fukwe na misitu inayolindwa. Sheria ni nzuri, lakini karatasi za peremende bado naziokota.

"Kichungi cha sigara ni pamba." Ni plastiki, iliyosokotwa nyuzi nyembamba mno. Kikilowa hutoa nikotini na sumu nyingine, na kikitupwa kingali na moto wakati wa kiangazi, majani makavu huwaka.

"Kuokota taka ni kazi ya chokoraa." Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu watoto hulipokea kutoka kwetu. Mtoto wa miaka minne huokota bila kuambiwa, siku ya kwanza anapokemewa "tupa huo uchafu!" ndiyo siku anapojifunza kupita. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa hadi akatokwa damu kichwani, hapa hapa Karura, alipokuja kupanda miti ili msitu usigawiwe wajenzi. Njia tunazotembea leo zipo kwa sababu watu kama yeye hawakuogopa kuinama mbele ya macho ya watu.

"Basi okota kila unachokiona." Hapana. Gogo linalooza si uchafu, ni nyumba ya wadudu na chakula cha miche. Manyoya na mifupa pia viache. Vaa glavu. Geuza kitu kwa kijiti kwanza, maana chini yake huenda pana siafu au nge. Chupa itazame ndani: mijusi wadogo huingia wakashindwa kutoka. Yenye maji usiyoyajua usiifungue wala usiimwage. Usichome wala usifukie ulichokusanya, kwani moshi wa plastiki ni sumu na wanyama hufukua. Toka nacho hadi kwenye pipa.

Sindano, nyembe na nepi usiguse. Mwite askari wa msitu umweleze zilipo. Makutano ya njia za Karura yana vibao vyenye namba, kwa hiyo mtajie namba ya kibao kilicho karibu nawe.