Maana ya uhuru wa mwanamke katika riwaya za mwanzo za Marekani

Katika riwaya za Marekani za miaka ya 1790, uhuru wa mwanamke ulikuwa kwanza suala la riziki. Watu wa zama zile waliamini kwamba anayekulisha ndiye anayekuamulia, na ndiyo maana majimbo mengi yalimtaka mpiga kura awe na mali. Sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza ilimfungia mke mlango huo tangu siku ya ndoa: mumewe ndiye aliyehesabiwa mbele ya sheria kwa niaba ya wote wawili, ujira wa mke ukawa wa mume, na mke hakuweza kufunga mkataba wala kushtaki kwa jina lake mwenyewe. Kwa hiyo huko New Jersey, ambako wanawake wenye mali waliruhusiwa kupiga kura hadi 1807, haki hiyo iliwafaa hasa wajane na wasioolewa.

Riwaya iliyoichimba dhana hii kwa kina ni Ormond ya Charles Brockden Brown, iliyotoka 1799. Constantia Dudley, binti anayeishi Philadelphia ambaye baba yake ametapeliwa na mshirika wa biashara kisha akapofuka, anailisha nyumba kwa kushona nguo. Homa ya manjano ya 1793, iliyoua watu wapatao 5,000 mjini humo, inapomkatia kazi, anapiga hesabu ya chakula na kuona kwamba unga wa mahindi ndio utakaowafikisha mbali zaidi. Wako wanaozichoka kurasa hizo za bei na vipimo. Kwangu mimi ndizo uti wa mgongo wa kitabu, kwani baadaye mfanyabiashara mwema, Balfour, anapomposa, Constantia anakataa kwa hesabu ileile: maskini alivyo, jasho lake bado ni lake, na akiolewa atalipoteza hata hilo.

Njama za kisiasa zinaingia hapo. Mwaka 1798 kasisi Jedidiah Morse alihubiri Boston kwamba Illuminati, chama cha siri kilichoanzishwa Bavaria mwaka 1776, kilikuwa kimejipenyeza Marekani, na hofu ikatanda kwamba jamhuri changa ingeendeshwa na watu wasioonekana. Ormond, mwanamume anayemtaka Constantia, ni mfuasi wa chama cha namna hiyo. Anaingia nyumbani kwa akina Dudley akijifanya msafisha dohani, anasikiliza mazungumzo kwa siri, anatoa fadhila, na hatimaye anapanga kifo cha baba. Hatoi amri. Anapanga mazingira ili mwanamke aamini kwamba ameamua mwenyewe, na hiyo ndiyo hatari ambayo wananchi wa jamhuri waliiogopa kwa nafsi zao.

Brown anaweka pia wanawake wawili wa kulinganisha: Helena, hodari wa muziki lakini asiyejua kujikimu, anayejiua Ormond anapomwacha, na Martinette, aliyepigana vita vya uhuru wa Marekani akivaa kiume, ambaye Constantia anamstaajabia kisha anamwogopa. Constantia mwenyewe, akiwa peke yake katika nyumba ya shamba huko New Jersey, anamuua Ormond anayetaka kumbaka, kwa kisu kidogo cha kuchongea kalamu, kisha anahamia Uingereza pamoja na rafiki yake Sophia, ambaye ndiye msimulizi wa kisa chote.