Nyumba inayoitikia: kunogesha sebule tupu kwa laki na nusu

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinipigia simu kutoka Tabata, na kabla hajaeleza shida yake nilishaijua, maana sauti yake ilikuwa inakuja mara mbili. "Dada fundi," akasema, "hata mama nikimpigia ananiuliza niko kanisani."

Alikuwa amehamia chumba na sebule. Wapangaji wa Dar mnajua mambo yanavyokwenda: kodi ya miezi sita mkononi, dalali na mwezi wake mmoja, gari la kuhamishia, mtungi wa gesi. Ukishamaliza hayo unaingia ndani na godoro, viti viwili vya plastiki, ndoo na televisheni iliyokaa juu ya boksi lake. Sebule inang'aa kwa vigae vyeupe, kuta nyeupe, dari ya jipsamu. Nzuri sana. Na hukai humo hata dakika kumi bila kutafuta sababu ya kutoka.

Mimi nilianzia kwenye cherehani, nikishona mapazia ya watu, na ni mapazia yaliyonifundisha kazi hii ya kupanga nyumba. Watu wengi wakinipigia husema hawana vitu. Mimi nikifika mlangoni napiga kofi moja. Kofi likirudi na mkia, kwamba unalisikia bado linazunguka baada ya mikono kutulia, najua tatizo si uhaba wa makochi. Plasta iliyopakwa rangi na vigae vya sakafu vinarudisha karibu sauti yote inayovigonga. Sauti inaruka ukuta kwa ukuta, na sikio linaiambia akili kwamba hapa hakuna mtu. Ndiyo maana nyumba mpya yenye kochi la milioni mbili inaweza kuwa na ukiwa kuliko banda la kahawa.

Kwa hiyo sheria yangu kwa mtu mwenye pesa kidogo ni kuanza na sikio, kisha mwanga, halafu ndiyo tuzungumze vya kukalia. Mwalimu alikuwa na shilingi 150,000, ufundi wangu kando. Nitawatajia bei nilizolipa, mkijua sokoni kila mtu ana ulimi wake.

Tulianzia Karume, kwenye mitumba. Tulichotafuta ni mashuka, yale ya vitanda vikubwa vya Ulaya, yenye urefu wa mita 2.4 na ushee. Tulipata matano kwa 30,000, ya pamba nzito, rangi ya mchanga. Wengi hununua kitambaa cha pazia dukani, na si vibaya. Kile cha upana wa mita 2.8 kina faida kwamba upana huo unageuzwa kuwa urefu wa pazia, hivyo unanunua mita kulingana na dirisha lako bila kuunga. Ila kwa bajeti hii pazia la dukani lingekula nusu ya pesa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea, hata baadhi ya mafundi wenzangu. Dirisha likiwa la mita moja na nusu, mtu anakata kitambaa cha mita moja na nusu. Pazia linakaa limenyooka kama bango la uchaguzi. Pazia lililonyooka halimezi sauti ya maana, na kwa macho linaonekana la mtu aliyeishiwa. Kinachomeza sauti ni uzito na mikunjo. Kitambaa kiwe angalau mara mbili ya upana wa fimbo. Mashuka ni mepesi, kwa hiyo nilishona mawili mawili pamoja, mgongo kwa mgongo, nikapata mapazia mawili mazito kutoka mashuka manne. La tano nililiweka pembeni, tutalirudia.

Fimbo (18,000 pamoja na vishikio) hatukuiweka juu ya fremu ya dirisha tu. Tuliipandisha hadi karibu na dari na kuirefusha sentimita 20 kila upande, pazia likashuka mpaka sakafuni. Dirisha likaonekana kubwa kuliko lilivyo, na mchana pazia linasogea lote ukutani bila kuziba hewa. Hilo la hewa Dar si la mchezo. Nyumba yenye kunoga halafu unatoka jasho, hujafanya kitu. Matundu ya vishikio tulimwomba kwanza mwenye nyumba. Alikubali baada ya kuambiwa fimbo itabaki siku mwalimu akihama.

Chini tuliweka mkeka wa ukindu, 25,000. Niseme ukweli ambao wauza mikeka hawataupenda: mkeka peke yake juu ya kigae hausaidii sauti sana, ni mwembamba mno. Unachofanya ni kuua ule mng'ao wa kigae na kuupa mguu kitu cha kupapasa. Ili umeze sauti, tandika blanketi la mtumba chini yake. Letu lilikuwa la 10,000, zito, lenye rangi mbaya ambayo hakuna atakayeiona. Ukikanyaga hapo unahisi umefika mahali. Kuna wanaoniuliza kwa nini siwapi zulia la manyoya meupe, yale yanayouzwa kila kona. Mji huu una vumbi na unyevu. Baada ya mwaka mmoja zulia lile ni la kijivu na lina harufu, na kulifua ni kazi ya watu wawili na siku nzima ya jua. Mkeka unaukung'uta mlangoni, yameisha.

Kuhusu mwanga nina kisa cha aibu. Zamani kidogo nilimtuma kijana wa mteja dukani akanunue "balbu ya njano". Akauziwa balbu ya njano kweli, kioo chenyewe kimepakwa rangi, ile ya kupambia. Usiku sebule ikawa kama baa ya mtaani, mteja akaniangalia tu. Tangu siku hiyo siagizi rangi, naagiza namba. Kwenye boksi la balbu ya LED kuna namba yenye herufi K. Nyingi zinazouzwa hapa ni 6500K, mwanga mweupe unaoelekea bluu, mzuri kwa karakana na duka la dawa. Unayoitaka wewe ni 2700K au 3000K. Namba ikishuka, mwanga unazidi kusogea kwenye rangi ya moto. Mshumaa wenyewe uko karibu 1900K. Ukisoma namba, muuzaji hana nafasi ya kukuelewa vibaya.

Balbu mbili za 3000K zilikuwa 7,000. Moja ikaenda darini, mahali pa ile nyeupe, na nikamwambia mwalimu aiwashe tu akipoteza hereni. Taa ya katikati ya dari inamulika kila pembe sawasawa, na kwenye nyumba isiyo na vitu, kila pembe ikimulikwa ni kama kusoma orodha ya usivyonavyo. Taa ikishuka chini ya usawa wa macho, inamulika pale ulipokaa, pembe nyingine zinabaki gizani na hakuna anayezihesabu.

Ya pili tuliitengenezea taa ya kona. Nilinunua tenga dogo la matunda sokoni kwa 3,000, la fito zilizosukwa kwa uwazi, na waya, holda, swichi na plagi kwa 9,000. Fundi umeme wa mtaani alifunga holda juu ya kipande cha mbao, balbu ikasimama wima. Ndani ya tenga nikazungushia kipande cha lile shuka la tano ili balbu isichome macho, kisha tenga likafunikwa juu yake kama unavyofunika kuku. Ukiwasha, fito zinachora vivuli laini ukutani mpaka juu. Ukuta mweupe uliokuwa umekaa kama wa zahanati ukapata pambo bila msumari hata mmoja. Angalizo: hii ni kwa balbu ya LED tu, yenye wati chache, na kitambaa kisiguse balbu. Zile balbu za zamani za waya ndani zinachemka, utaunguza nyumba ya watu.

Halafu vya kukalia. Kwetu sebule hupangwa kama kikao cha harusi: kila kiti mgongo ukutani, katikati uwanja. Ukiwa na makochi saba inapita. Ukiwa na viti viwili, kimoja ukuta huu na kingine ule, wageni wako wanazungumza kama watu wa kando mbili za barabara. Vitu vichache visitawanywe. Vikusanye upande mmoja, karibu na dirisha au taa, na uache chumba kilichobaki kiwe njia tu.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili bila kulipangia. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe zina vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazivuki mita tatu hivi. Ndani hapakuwa na vitu vingi: mkeka, kitanda, kasha. Lakini watu walikaa karibukaribu, na ukutani mlikuwa na zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, vilivyovunja ule ukuta mtupu. Hakuna aliyeingia humo akasema nyumba haina samani.

Basi viti vya plastiki tukavipeleka kibarazani. Mwalimu akakaa chini, juu ya mkeka, kwenye mito.

Mito ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, vumilieni. Doti moja ya khanga tulinunua Kariakoo kwa 13,000. Doti ni khanga mbili, na kila moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Mto wa sentimita 45 unahitaji kipande cha 48 kwa 48 ukihesabu mshono. Upande mrefu unatoa vitatu, upande mfupi viwili: sita kwa khanga, kumi na mbili kwa doti, ndiyo mito sita mbele na nyuma. Kabla ya mkasi, ifue khanga na uianike, maana mpya ina wanga na itasinyaa kidogo. Ukikata kabla, mto utakuja kubana baadaye.

Kisha itandaze na utafute jina. Jina la khanga hukaa katikati, upande wa chini wa mji, yaani ile sehemu ya ndani inayozungukwa na pindo, kwa hiyo kipande cha kati ndicho kitakachokuwa nalo, ilimradi lisiwe refu kuliko sentimita 45. Mimi niliwahi kumkatia mteja khanga iliyoandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone" bila kupima. Mto ukatoka umeandikwa "njoo mwenyeji". Yeye akacheka, mama mkwe wake hakucheka. Sasa napima jina kwanza, na likizidi nalikata lote nalishona peke yake kama ukanda juu ya mto. Pindo nalo halitupwi: sentimita zile chache zinazobaki zinatosha kuzungushia ukingo wa tenga la taa.

Ndani ya mito niliweka vipande vya sponji, vile vinavyobaki kwa mafundi makochi wa Keko. Mfuko uliojaa ulikuwa 10,000. Sufi ni bora kuliko sponji, laini na baridi, na ukiwa na ndugu mwenye msufi kijijini muombe gunia. Lakini sufi hutoka kwenye mshono wowote uliolegea na kuingia puani, kwa hiyo inataka foronya ya ndani ya kitambaa kilichobana, na mkono mvumilivu. Hata sponji niliifungia foronya ya ndani, kutoka kwenye mabaki ya lile shuka la tano, ili khanga iweze kuvuliwa na kufuliwa.

Kuta hatukuzipaka rangi. Ukipaka, chagua rangi ya maji isiyong'aa; rangi ya mafuta inarudisha mwanga kama kioo. Maua ya plastiki nayakataa kwa wateja wote, najua nitapoteza baadhi yenu. Udi sawa, mradi dirisha liwe wazi kama chetezo kina makaa.

Jumla ilitoka 125,000. Jioni ya Jumamosi tulipomaliza, mwalimu alimpigia mama yake akiwa kwenye mito, pazia limefungwa, taa ya tenga inawaka. Mimi nilikuwa nakusanya nyuzi. Nilimsikia akisema, "Hapana mama, niko nyumbani," kisha kimya, kisha, "hapahapa Tabata, mama, kwani umesikia nini?"

Zile 25,000 zilizobaki tulizibishania. Mimi nilitaka anunue kigoda cha kuwekea tenga, maana lilikuwa limekaa juu ya boksi. Yeye Jumatatu alipita sokoni akanunua birika na vikombe sita, akawaambia walimu wenzake waje Jumapili.