VVU na bima ya afya: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, zinatolewa bure. Bima ya nini tena?

Ni bure kwa anayezimeza, ila kuna anayezilipia. Kwa zaidi ya miaka 20, katika nchi nyingi zenye kipato kidogo, sehemu kubwa ya gharama imebebwa na wafadhili: Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulioanza mwaka 2002, na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003. Januari 2025 Marekani ilipotangaza kusimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, kuna kliniki zilifunga milango na washauri nasaha wakarudishwa nyumbani. Mwenye vidonge vya siku kumi tu kwenye kopo hawezi kungoja wakubwa wamalize mazungumzo. Ndiyo maana nchi zinatakiwa kuiingiza huduma hii kwenye mifumo yao zenyewe.

Mfuko wa bima utaumudu mzigo huo?

Mwaka 2000 dawa za mgonjwa mmoja ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kupata TLD, ARV inayomezwa kidonge kimoja kila siku, kwa chini ya dola 45 kwa mwaka. Kinachouma zaidi sasa ni vile vinavyoambatana na dawa: kipimo cha wingi wa virusi, picha ya kifua, kulazwa, matibabu ya shinikizo la damu na kisukari kadiri umri unavyosogea. Unakuta mtu ARV kapewa bure, lakini kifua kikimbana anaambiwa alipe kwanza. Hapo ndipo bima inahitajika hasa.

Thailand ilipoanza bima kwa wote mwaka 2002, ARV hazikuwemo kwenye kitita cha mafao. Ziliingizwa miaka michache baadaye, baada ya watu wanaoishi na VVU wenyewe kuzidai.

Nikikosa mchango mwezi mmoja, nitanyimwa dawa?

Isiwe hivyo kamwe, na hili nalisema bila kupepesa macho. Mtu yuko kwenye dirisha la dawa, mhudumu anaingiza namba, anamrudishia kadi: "Haisomi, kalipie kwanza." Anaondoka mikono mitupu, na aibu ikamzuia kurudi. Dawa zikikatizwa, ndani ya wiki chache virusi huanza kuzaliana tena, kinga ya mwili inashuka, anaweza kumwambukiza mwenzake, na usugu wa dawa unaweza kujitokeza.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, ARV na vipimo vyake vilipiwe kwa fedha za kodi, awe na kadi hai au asiwe nayo. Michango ya bima ibebe mengine. Mfano wa fedha hizo za kodi ni Zimbabwe, ambayo hutoza nyongeza ya 3% juu ya kodi ya mapato kwa ajili ya UKIMWI.

Mwajiri au wazazi watajua?

Hofu hiyo ina msingi. Madai ya hospitali huandikwa huduma iliyotolewa. Kijana aliye kwenye kadi ya baba yake akipima wingi wa virusi, ujumbe unaweza kuingia kwenye simu ya baba. Mfumo mzuri hutumia namba za siri, na taarifa za huduma humfikia mgonjwa peke yake. Uliza hili kabla ya kujaza fomu. Una haki ya kujibiwa.

Wanaweza kunikataa kwa sababu nina VVU?

Kampuni za biashara zimewahi kufanya hivyo. Bima ya taifa inayomwandikisha kila mtu haina sababu ya kukupima kabla ya kukupokea.

Na kinga je?

Hapa pana pengo. Bima imezoea kulipa hospitali inapomtibu mgonjwa. Kondomu, PrEP (dawa ya kumkinga na VVU asiye na maambukizi), na mwelimishaji rika anayemfuata mtu aliyeacha dawa hadi mlangoni kwake havina fomu ya madai. Visipotengewa fungu lake kwenye bajeti ya serikali, mfadhili akiondoka ndivyo vinavyokatwa kwanza.