Maana ya kidaka, na kwa nini sanduku la ukutani si kidaka

Kidaka ni uwazi ulioachwa au uliochimbwa ndani ya unene wa ukuta, usiotokea upande wa pili, wa kuwekea vitu. Wingi wake ni vidaka. Basi, maana yenyewe haina zaidi ya hapo. Shida ni kwamba siku hizi neno hili linabandikwa kwenye kila sanduku la MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) linalopigiliwa ukutani koridoni, "vidaka vya kisasa, seti ya vitatu", na mnunuzi anakwenda nalo nyumbani akiamini amepata kitu kilichokuwa kwenye nyumba za mawe za pwani. Alichopata ni rafu yenye kuta.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Wapo wanaodhani kidaka kinatokana na kitenzi kudaka, yaani kunyaka kitu kilichorushwa, kama kipa anavyodaka mpira. Kwa fikra hiyo, chochote kinachopokea funguo na simu yako ukiingia mlangoni ni kidaka. Kitenzi hicho kimezaa kidakatonge, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na hapo kudaka kunaeleweka vizuri. Lakini kidaka cha ukutani kimetoka kwenye nomino, daka, wingi madaka, na ki- ya mbele ni ya udogo tu, kama kapu na kikapu. Kipo pia kidaka cha mnazi, nazi changa kabisa kabla haijawa kitale, wala dafu, wala koroma, wala nazi. Hicho tukiache juu ya mti wake.

Daka lina sura mbili. Katika nyumba za mawe za Lamu, daka ni ile sehemu ya kuingilia mbele ya mlango mkubwa, iliyorudi ndani kutoka barabarani, yenye viti vya mawe kulia na kushoto. Ukilivuka unaingia tekani, ukumbi mdogo wa nyuma ya mlango, kisha kiwanda, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu, ndipo misana, vile vyumba virefu vya kukaa, na ndani, chumba cha faragha. Sura ya pili ya daka ni pango la ukutani la kuwekea vyombo. Utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ukisimulia magofu ya Pate, mji wa kale karibu na Lamu, unayataja madaka ya visahani ambamo sasa wanalala makinda ya ndege. Sura zote mbili zina jambo moja: ukuta umerudi nyuma. Daka la mlangoni limerudi nyuma kutoka njiani, na daka la chumbani limerudi nyuma kutoka chumbani. Hakuna daka linalotokeza mbele. Hata neno la Kiarabu linalofanana nalo kwa sauti, taka kwa matamshi yetu, maana yake ni uwazi au kidirisha cha ukutani.

Watu wa Lamu husema zidaka, kwa sababu lahaja yao, Kiamu, ina zi- pale Kiswahili sanifu kinapokuwa na vi-: zitu, zitabu, zidaka. Kwa hiyo ukikuta mtu ameandika "zidaka moja", au ameeleza kuwa zidaka ni vidaka vikubwa vya kifahari na vidaka ni vya kawaida, msamehe. Ni neno lilelile kwa lahaja mbili.

Na shubaka? Bara wengi wanalijua hilo kuliko kidaka. Shubaka limetoka kwenye neno la Kiarabu la dirisha, na linatumika pia kwa matundu ya ngome ya kuchungulia au kupigia bunduki, ambayo yanatoboa hadi nje. Ukiita kidaka shubaka hukukosea. Ukiita dirisha dogo kidaka, umekosea, maana kidaka lazima kiwe na mgongo.

Rafu, kwa upande wake, ni ubao uliotokeza nje ya ukuta. Sanduku la ukutani ni rafu iliyozungushiwa mbao. Kinachoning'inizwa kwa kamba kutoka darini kina jina lake la zamani, susu, na kinachosimama chini kwa miguu, kama cha viatu, ni kichaga. Kiswahili hakikupungukiwa maneno hapa hata kidogo, na ndiyo maana inaudhi kuona moja likivutwa lifanye kazi ya mengine yote.

Sasa, ingekuwa ni jina tu, tungenyamaza. Lakini tofauti ya kidaka na rafu ni tofauti ya upana wa korido. Nyumba za Lamu zilijengwa kwa boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, kwa kawaida chini ya mita 3. Chumba chembamba namna hiyo kimekaribia kuwa korido. Weka makabati kila upande na hakuna atakayepita. Kuta za matumbawe na chokaa, kwa upande mwingine, zilikuwa nene, sentimita 40 na zaidi. Nafasi iliyokosekana sakafuni ilikuwepo ukutani, na mafundi waliichukua huko. Sahani za kaure zilisimamishwa, hazikulazwa; sahani ya upana wa sentimita 25 ikiegemezwa inataka kina cha sentimita 8 au 9 tu.

Korido ya nyumba ya leo ina hali ileile. Nyingi zina upana wa sentimita 120, na za fleti ndogo hufika 90. Mtu mmoja mwenye ndoo mkononi anataka 90 ili asijigonge. Tundika "kidaka" cha kina cha sentimita 25 kwenye korido ya 120, umebaki na 95, bado unapita. Kwenye korido ya 90 umebaki na 65, na siku ya kuhamisha friji utakishusha. Kidaka halisi hakichukui hata sentimita moja ya njia, na hiyo ndiyo kazi yake.

Ila ukuta wa leo si wa matumbawe, na hapa ndipo wanaolijua neno sawasawa nao huharibu nyumba. Tofali la inchi 6 likisimamishwa linatoa ukuta wa sentimita 15 bila lipu, likilazwa, 23. Kwenye ukuta wa 15 usichimbe zaidi ya 9 za tofali, ili mgongo ubaki na 6. Lipu ya zamani iliyoko mbele inaongeza kama 1.5, na lipu mpya ya mgongoni inazirudisha, kwa hiyo kina utakachotumia ni sentimita 9. Hizo zinatosha funguo, simu, miwani, chupa za manukato, na ile sahani iliyosimama. Kwenye ukuta wa kulaza unaweza kufika 15, na hapo kitabu cha kawaida kinasimama na mtungi mdogo unakaa. Viatu havikai kwenye chochote kati ya hivyo viwili. Kiatu cha namba 42 kina urefu wa karibu sentimita 30. Kinataka kabati, na kwa korido nyembamba ni lile la milango inayolala mbele, ambalo viatu husimama ndani yake na kina chake ni 18 hadi 20.

Wakati mzuri wa kuweka kidaka ni nyumba inapojengwa. Zile zidaka za Lamu zilijengwa pamoja na ukuta; hazikuchimbwa baadaye. Fundi anaacha nafasi ya tofali moja kwa upana, sentimita 45, na kozi (safu za matofali) mbili au tatu kwa urefu, anaziba mgongo kwa vipande vyembamba, na juu analaza lenta, boriti fupi ya zege, ya sentimita 75 yenye nondo mbili za milimita 10, ili ikalie sentimita 15 kila upande. Ukiacha lenta kwa hoja kwamba "ni shimo dogo tu", kiungo cha matofali ya juu kitaangukia katikati ya uwazi, na ufa utaanzia hapo kwenda juu kwa mshazari.

Kama nyumba imeshaisha, kwanza jua kilicho nyuma ya ukuta na ndani yake. Usiguse nguzo wala boriti ya zege, usikaribie fremu ya mlango chini ya sentimita 30, na uache kabisa ukuta unaopakana na choo, maana mabomba yamo humo. Mabomba ya nyaya za umeme kwa kawaida hushuka wima kutoka darini hadi kwenye swichi na soketi. Mstari wote wa juu na chini ya swichi uuhesabu kuwa una waya. Nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akubali kabla ya vumbi, si baada.

Kisha kuna suala la grenda, mashine ya kukatia. Diski ndogo ya inchi 4.5 inakata kina cha sentimita 3 hivi. Fundi akiwa na hiyo peke yake, sentimita 6 zilizobaki atazimaliza kwa nyundo na patasi, na kila pigo linapita moja kwa moja kwenye ule mgongo mwembamba. Asubuhi yake lipu ya chumba cha pili imevimba au imedondoka kitandani. Diski ya inchi 9 inafika sentimita 6 na kitu. Zinazobaki zinatolewa kwa patasi nyembamba, taratibu, baada ya kukata mistari ya karibukaribu kama kitana. Anza na mfereji wa lenta, ilaze, ikae siku 7 ikimwagiwa maji, ndipo ukate chini yake. Kidaka cha upana wa sentimita 30 au pungufu, chini ya tofali zima linalokalia angalau sentimita 7 kila upande, katika ukuta usiobeba zege la juu, kinaweza kukosa lenta. Zaidi ya hapo, hapana. Na kati ya kidaka na kidaka acha angalau nusu tofali.

Kabla ya lipu, lowanisha shimo. Tofali kavu hunyonya maji ya mchanganyiko na lipu hubanduka kwa vipande mwezi wa pili. Kona za mbele zivishwe bati la kona, kwa sababu ndizo zitakazogongwa na funguo kila siku. Waya wa taa upitishwe kabla ya lipu. Hili husahauliwa karibu kila mara, halafu unaona utepe wa taa mzuri na waya wake ukining'inia ukutani kama mkia. Utepe wenyewe, wa volti 12, unabanwa juu kwa ndani, ukingoni mwa mbele, ukiangalia nyuma. Ukiubandika mgongoni unamulika macho ya anayepita na kuacha vitu gizani. Mwanga wa Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000, wa manjano kidogo, unafaa. Mweupe zaidi ya huo unafanya korido ifanane na zahanati.

Kimo kinategemea kazi. Cha funguo, sakafu yake iwe sentimita 105 hadi 110 kutoka chini, mkono unapofika bila kuinuka. Cha pambo, katikati yake iwe 145 hadi 150. Juu ya kabati la viatu, acha sentimita 20 hivi kati ya juu ya kabati na sakafu ya kidaka, la sivyo vitu vilivyowekwa juu ya kabati vinaziba uwazi wa kidaka na vyote viwili vinaonekana lundo. Ndani paka rangi iliyokoza kidogo kuliko ukuta, kina kitaonekana zaidi ya kilivyo. Weka kitu kimoja kikubwa au vitatu vidogo. Chetezo kisikae humo kikiwa na moto: moshi hauna pa kwenda, na baada ya wiki dari la kidaka litakuwa jeusi.

Kuna walio katikati, wanaotengeneza ukuta wa pili wa jipsam mbele ya ule wa tofali na kuacha mapango ndani yake. Kwa umbo hivyo ni vidaka, hakuna ubishi. Ila fremu na bodi ya milimita 12 zimekula sentimita 10 au zaidi za njia kwa urefu wote wa korido, yaani umelipa upana ili ununue kitu kilichobuniwa kuokoa upana. Kwenye korido ya sentimita 150, sawa. Kwenye ya 100, heri rafu moja ya kina cha 15, iliyopandishwa juu ya mabega, skrubu zake zikiwa zimeingia kwenye fisha (plagi za plastiki za ukutani) za ukubwa wake.

Rafu haina aibu, na wengi wanaotafuta "kidaka" koridoni wanachohitaji hasa ni rafu. Basi ukiwa dukani, muuza akikuonyesha kidaka cha kisasa, muulize kinaingia ukutani sentimita ngapi. Akisema hakiingii, kinapigiliwa tu, mwambie akupe hiyo rafu, na bei ya rafu.